Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, 1967–1977

Katika mashauri ya mahakama na katika magazeti ya Tanzania, Jumuiya ya kwanza kwa kawaida huitwa “iliyokuwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki”. Kitenzi cha wakati uliopita kimetangulia jina na kuwa kana kwamba ni sehemu yake. Katika makala hii nimekusudia kueleza jinsi Jumuiya hiyo ilivyopata kuwa “iliyokuwa”. Sababu zitajwazo mara nyingi ni uadui wa viongozi, tofauti za siasa, na faida isiyogawanyika sawasawa. Wala sizikanushi. Nataka tu kuonyesha kwamba zote tatu zilipitia mlango mmoja, nao ni mlango wa hesabu.

Ushirikiano wenyewe ulianza zamani kuliko uhuru. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na kufikia 1927 Tanganyika nayo ilikuwa imeingia kikamilifu. Bodi ya Fedha iliundwa mwaka 1919, na mwaka 1948 huduma za pamoja zikawekwa chini ya Tume Kuu. Lakini jengo hili lilijengwa na watawala kwa manufaa yao. Viwanda vingi vikakusanyika Kenya, na majirani wakawa wanunuzi. Mwaka 1964 palifanyika mapatano Kampala ya kugawana viwanda, ila Kenya haikuyathibitisha. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa fedha yake.

Mkataba uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais Kenyatta, Nyerere na Obote ulikuwa jaribio la kuutibu ugonjwa huo. Makao makuu yaliwekwa Arusha. Reli na ndege zikabaki Nairobi, bandari zikapewa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, pamoja na Benki ya Maendeleo. Nchi iliyouza kidogo kuliko ilivyonunua kwa jirani yake iliruhusiwa kutoza kodi maalumu juu ya bidhaa za jirani huyo, ili kuvilinda viwanda vyake vichanga. Basi haifai kusema kwamba waandishi wa Mkataba hawakuiona hatari. Waliiona, wakaiandikia dawa.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Uamuzi wa mwisho ulikuwa mikononi mwa Mamlaka, yaani marais watatu wenyewe. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka haikukutana tena. Mawaziri na maofisa waliendelea na kazi zao, na kwa miaka sita gari lilikwenda bila dereva. Kila ugomvi uliowashinda maofisa ulipanda juu, na huko juu haukumkuta mtu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa fedha. Nauli za reli zilikusanywa katika nchi tatu, lakini madeni na gharama kubwa zililipiwa makao makuu. Kila nchi ilikwisha weka masharti ya kuzuia fedha zake zisitoke. Katikati ya miaka ya 1970 makusanyo yakawa hayapelekwi tena kama ilivyopasa: mmoja alizuia kwa kuwa mwenziwe amezuia, na mwenziwe akajibu vivyo hivyo. Tanzania, iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, iliona kwamba inatajirisha mabepari wa jirani. Kenya nayo iliona kwamba inabeba mzigo wa wasiolipa. Hapakuwa na msuluhishi wa kufungua vitabu mbele ya wote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege lilisimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Mwezi wa Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Bajeti ya mwaka uliofuata haikupitishwa, na mwisho wa Juni 1977 Jumuiya ilikoma. Kila nchi ilishika kilichokutwa kwake. Katika ziwa Victoria zilikuwako meli mbili pacha za kuvushia mabehewa ya reli, Umoja na Uhuru. Umoja ilibaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya.

Ndipo daftari lilipofunguliwa, na mfunguaji alikuwa mgeni: Victor Umbricht, Mswisi. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Hivyo hesabu iliyoweza kufanywa kila mwaka wakati wa uhai ilifanywa mara moja baada ya kifo, tena miaka saba ikiwa imekwisha pita. Wengi wa waliokuwa watumishi wa Jumuiya nchini Tanzania waliendelea kudai mafao yao hata miaka ya 2000, na wengine walifariki wakingali wanadai.

Dibaji ya Mkataba mpya wa 1999 imezitaja sababu za kuvunjika kwa ule wa kwanza: upungufu wa nia ya kisiasa, wananchi na wafanya biashara kutoshirikishwa vya kutosha, na faida isiyolingana. Ni maneno ya kweli. Lakini nia ya kisiasa haionekani kwa macho. Kionekanacho ni mchango uliolipwa kwa siku yake na kikao kilichofanyika ijapokuwa wakaaji hawapendani. Katika Jumuiya ya leo, yenye wanachama wengi zaidi, michango imechelewa mara nyingi. Anayetaka kujua kama jina lake litahitaji tena kutanguliwa na “iliyokuwa”, asisikilize hotuba. Na aombe kuonyeshwa daftari.