Zao la Mandhari au Kazi ya Watu? Historia ya Jazi ya Majaribio na Muziki wa Papo kwa Papo nchini Norwei, 1961–2002

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu jazi ya Norwei, hasa yale yanayowalenga wasomaji wa nje, muziki huu huelezwa kwa lugha ya jiografia. Sauti ndefu ya saksafoni ya Jan Garbarek hufananishwa na upepo wa milimani, ukimya baina ya noti huhusishwa na theluji, na mwangwi wa santuri huhusishwa na fiodi, yaani zile ghuba nyembamba za bahari zilizobanwa na majabali. Maelezo hayo yamepewa hata jina: sauti ya Kinordiki. Yanavutia, lakini yana kasoro ya kihistoria. Milima na theluji vilikuwapo karne nyingi kabla ya muziki huu kuzuka katika miaka ya 1960. Havielezi kwa nini ulizuka wakati huo, wala kwa nini ulibadilika mara kadhaa baadaye ilhali mandhari ilibaki ile ile.

Makala haya yanajenga hoja kwamba jazi ya majaribio ya Norwei ilitokana na mambo matatu yaliyokutana: wageni walioleta fikra mpya, taasisi zilizoupa muziki makao, na ufundishaji uliotanguliza sikio kabla ya karatasi. Suala hili si dogo. Anayeueleza muziki kwa mandhari huwafuta watu waliouunda, na miongoni mwa wanaofutwa wamo wanamuziki weusi kutoka Marekani na Afrika Kusini. Msomaji wa Afrika anaufahamu vyema mtindo huu wa maelezo, kwani ngoma zetu nazo zimeelezwa kwa muda mrefu kana kwamba ziliota ardhini, bila walimu, bila vyama na bila historia.

2.0 Wageni na Vijana

Mwaka 1961 tamasha la jazi lilianzishwa Molde, mji mdogo wa pwani ya magharibi. Lile la Kongsberg likafuata mwaka 1964. Matamasha haya yaliwakutanisha vijana wa nchi na wanamuziki mashuhuri kutoka nje. Huko Molde, mwaka 1965, mtunzi Mmarekani George Russell alimsikia Garbarek, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 18. Russell alikuwa amehamia Skandinavia mwaka uliotangulia. Nadharia yake ya muziki, iliyochapishwa mwaka 1953, ilimwelekeza mpigaji kutumia upana wa skeli badala ya kubanwa na mfuatano wa kodi. Garbarek, mpiga gitaa Terje Rypdal, mpiga besi Arild Andersen na mpiga dramu Jon Christensen wote walipitia mikononi mwake.

Aprili 1969, Russell alirekodi *Electronic Sonata for Souls Loved by Nature* katika Kituo cha Sanaa cha Henie Onstad, kilichofunguliwa mwaka 1968 huko Høvikodden, nje kidogo ya Oslo. Katika kazi hiyo wapigaji walijibizana na mkanda wa sauti uliotayarishwa kabla. Kwa vijana kama Garbarek, Rypdal na Christensen, walioshiriki, elektroniki haikuwa tena pambo. Ilikuwa mshiriki kamili wa mazungumzo.

Mgeni wa pili ni Don Cherry, mpiga tarumbeta Mmarekani mweusi aliyefanya makazi Uswidi. Garbarek mwenyewe amesimulia kwamba Cherry ndiye aliyewahimiza wanajazi wa Norwei kuutazama muziki wa jadi wa nchi yao kama chemchemi ya kazi zao. Jambo hili linastahili kutiliwa mkazo. Kile ambacho baadaye kilisifiwa kuwa sauti safi ya Kaskazini kilianza, kwa sehemu, kwa swali la mgeni. Garbarek naye alizaliwa na baba Mpolandi aliyepelekwa Norwei akiwa mfungwa wa vita, na alivutwa kwenye saksafoni baada ya kumsikia John Coltrane redioni mwaka 1961.

Hii haina maana kwamba wenyeji walikuwa wapokeaji tu. Mwimbaji Karin Krog alikuwa akijaribu vifaa vya kielektroniki kwa sauti yake, na alishiriki kuunda shirikisho la jazi la nchi hiyo mwaka 1965. Kikundi cha watu watatu cha mpiga piano Svein Finnerud, kilichoundwa mwaka 1967, kiliifuata jazi huru kwa njia yake.

3.0 Studio na Mwangwi

Mwaka 1969 Manfred Eicher alianzisha kampuni ya santuri ya ECM mjini Munich. Septemba 1970 aliwarekodi Garbarek, Rypdal, Andersen na Christensen mjini Oslo. Fundi mitambo alikuwa Jan Erik Kongshaug. Albamu iliyozaliwa, *Afric Pepperbird*, haina utulivu wa theluji. Saksafoni inanguruma na kukwaruza, na jina lenyewe linaelekeza macho Afrika, si kwenye barafu.

Sauti iliyokuja kuitwa ya Kinordiki ilikua polepole katika miaka iliyofuata, na ilikua studioni. Oslo ikawa kituo muhimu cha kurekodia cha kampuni hiyo; hata Mmarekani Keith Jarrett alirekodi *Belonging* huko mwaka 1974. Kongshaug alifungua studio yake ya Rainbow mwaka 1984. Kwa hiyo mwangwi unaodhaniwa kuwa wa fiodi ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mwangwi uliochaguliwa na mtayarishaji na fundi mitambo wake.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja albamu ya *Dis* ya Garbarek, iliyorekodiwa mwaka 1976, ambamo husikika kinubi kinachopigwa na upepo wa pwani. Hapa asili imeingia kweli katika muziki. Hata hivyo, kinubi hicho kilitengenezwa na mtu, sauti yake ikanaswa kwenye mkanda, kisha ikapangwa pamoja na saksafoni na gitaa. Upepo peke yake haukutunga chochote.

4.0 Darasa, Klabu na Hazina ya Umma

Mwaka 1979 chuo cha muziki cha Trondheim kilianzisha mafunzo ya jazi, ambayo leo yako chini ya chuo kikuu cha mji huo. Walimu kama mpiga saksafoni John Pål Inderberg waliwataka wanafunzi wasikilize, waimbe, kisha wapige yale waliyoyasikia. Lengo halikuwa kuiga milele, bali kumfanya mwanafunzi aitambue sauti yake. Humo walipita Arve Henriksen, Ståle Storløkken na Jarle Vespestad, watakaotajwa tena hapa chini.

Stavanger ilikuwa na njia nyingine. Mpiga saksafoni Frode Gjerstad, aliyezaliwa mwaka 1948, alijenga kikundi cha Detail katika miaka ya 1980 pamoja na mpiga dramu Mwingereza John Stevens na mpiga besi Johnny Dyani, Mwafrika Kusini aliyeondoka kwao mwaka 1964 na bendi ya Blue Notes. Katika mji huohuo alikulia mpiga dramu Paal Nilssen-Love, ambaye wazazi wake waliendesha klabu ya jazi.

Serikali nayo ilikuwa na nafasi yake. Baraza la utamaduni, lililoundwa mwaka 1965, lilifadhili sanaa kwa fedha za umma, na baadaye likanunua nakala za santuri teule kwa ajili ya maktaba. Muziki usiouzika ukapata uhai. Je, ruzuku haikuufuga muziki wa uasi? Ushahidi wa miaka ya 1990 unaonyesha kinyume.

5.0 Kizazi cha 1997

Mwaka 1997 Henriksen, Storløkken na Vespestad waliungana na fundi wa sauti za kielektroniki Helge Sten, wakawa Supersilent. Hawakufanya mazoezi wala kupanga watakachopiga. Albamu na vipande vyao vikapewa namba tu badala ya majina. Santuri yao ya kwanza, yenye diski tatu, ndiyo iliyoizindua kampuni ya Rune Grammofon mwaka 1998. Kampuni hiyohiyo ilitoa kazi za Spunk, kikundi cha wanawake wanne akiwemo Maja Ratkje, ambaye koo lake hupasua, hunong'ona na kunguruma bila kuomba radhi. Klabu ya Blå ilifunguliwa Oslo mwaka 1998, na mwaka 2002 likaanza All Ears, tamasha la muziki wa papo kwa papo. Muziki wa kizazi hiki ulikuwa mkali mara nyingi, wenye kelele za mitambo, na vigumu kuuchora kwenye kadi ya posta.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jazi ya majaribio ya Norwei ilijengwa na watu wanaotajika kwa majina, katika majengo yanayojulikana, kwa fedha zilizoidhinishwa. Mandhari imekuwa malighafi kwa baadhi yao, lakini haikuwa mwasisi. Kuwarejesha Russell, Cherry na Dyani katika simulizi hii hakuwapunguzii heshima Wanorwei. Kunaonyesha ujasiri wao wa kupokea na kugeuza. Kwa mtafiti wa muziki wa Afrika Mashariki, funzo la kimbinu li wazi: kabla ya kusema muziki fulani umetoka katika ardhi, atafute kwanza nani alimfundisha nani, walikutania wapi, na nani alilipia taa za ukumbi.