Binti wa mchoraji na majabali ya Kolo

Erskine Nicol, Mwingereza, alikula kwa brashi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alizoea kumchukua mkewe na binti yao wa pekee, Mary, wakaenda kukaa kwa miezi kusini mwa Ufaransa, na huko alichora mandhari ya mashambani kwa rangi za maji. Ufaransa ilikuwa imeshazoea wachoraji wa namna hiyo. Tangu Claude Monet na wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1874, mchoraji aliyebeba vifaa vyake hadi kondeni ili aunase mwanga kabla haujabadilika hakuwa tena kioja. Katika safari hizo Mary aliingizwa kwenye mapango yenye michoro ya watu wa kale. Baba yake alifia katika kijiji cha Cabrerets mwaka 1926, naye Mary akiwa na umri wa miaka 13.

Binti huyo ndiye Mary Leakey, ambaye wengi wetu tunamjua kwa fuvu la Olduvai la mwaka 1959 na nyayo za Laetoli. Kwangu mimi, kazi aliyoifanya Kondoa, katikati ya Tanzania, ina uzito uleule. Alifika huko mara ya kwanza mwaka 1935 pamoja na Louis Leakey, mume wake wa baadaye, akayaona majabali yenye picha nyekundu. Mwaka 1951 walirudi, safari hii kwa ajili ya michoro peke yake. Alibandika karatasi angavu za selofani juu ya mwamba, akafuata kila mstari kwa mkono, kisha akahamishia umbo kwenye karatasi na kutafuta rangi inayolingana na ile ya jiwe. Alinakili takriban maumbo 1,600. Nakala hizo zilikaa zaidi ya miaka 30 kabla hazijatoka katika kitabu kikubwa mwaka 1983.

Tazama alichokinakili. Pofu, twiga, tembo. Watu wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vyao vimefunikwa nywele au vilemba vikubwa, wengine wameinama, wengine kama wanaelea. Wekundu wa picha hizo umetokana na udongo wenye madini ya chuma. Juu ya picha hizo, mahali pengine, imepakwa michoro myeupe ya baadaye, minene na ya haraka, ambayo wataalamu huihusisha na wakulima waliokuja kuishi eneo hilo.

Lakini hakuna upeo wa macho. Hakuna kilima, hakuna wingu, hakuna mto. Mchoraji wa Kondoa hakuwahi kuchora mandhari, na naamini sababu iko wazi kwa yeyote anayepanda Mungumi wa Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa: mandhari yenyewe iko pale. Ukiupa mwamba mgongo unaliona bonde lote chini yako. Twiga amechorwa juu ya jiwe la nchi ileile alimotembea. Monet ilimbidi abebe konde hadi mjini ndani ya fremu. Huyu wa Kolo aliiacha picha yake kondeni. Ndiyo maana nakala za Mary, pamoja na uzuri na uaminifu wake wote, zimeokoa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni ardhi.

Na ardhi hiyo imepitia mengi. Mmomonyoko uliitafuna milima ya Irangi hadi ikabaki makorongo mekundu yasiyofaa kwa shamba wala malisho. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Lilikuwa pigo kwa wafugaji, watu ambao utajiri wao wote ulikuwa zizini. Hata hivyo miti ilirudi. Anayepanda Kolo leo anaona kijani ambacho hakikuwepo wakati mradi ulipoanza.

Aliyechora ni nani? Majina hayakuachwa. Wasandawe, ambao lugha yao ya vidoko bado inasemwa upande wa Chemba, ndio wanaotajwa zaidi kuwa na undugu na wachoraji wa picha nyekundu. Mtafiti Eric ten Raa, aliyeishi kwao, alieleza mwaka 1971 jinsi uchoraji wa miambani ulivyofungamana na matambiko yao. Kuna picha mashuhuri ya Kolo yenye watu watano, wa katikati akishikwa mikono na wengine kila upande. Mary aliiona kuwa ni mwanamke anayenyakuliwa. Watafiti waliomfuata wakaona ngoma ya uganga. Mimi niko na hao wa pili: ile miili mirefu, inayoelea, inafanana zaidi na watu waliopandisha kuliko wanaopigana.

UNESCO iliiweka michoro hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu ilikuwa kwamba maeneo hayo bado yanatumika. Warangi, wenyeji wa eneo hilo, hupanda Mungumi kuomba mvua na kutafuta tiba. Pombe ya mtama hurushwa kwenye mwamba wakati wa tambiko, jambo linalowatia wahifadhi wasiwasi kwa sababu huharibu rangi. Wasiwasi huo ni wa haki. Adui mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni wale wanaochimba sakafu za mapango wakitafuta dhahabu wanayodai ilifichwa na Wajerumani, kwani udongo uliokwisha kufukuliwa hausomeki tena na mtafiti yeyote. Wanaotambika wao wana sababu ya kuutaka mwamba ubaki, na nafasi yao katika vikao vinavyopanga ulinzi wa Kolo inapaswa kuwa ya kudumu, bega kwa bega na wahifadhi.