Mto Thuci na Ubatizo Mmoja: Hoja juu ya Madhehebu katika Nchi ya Meru na Embu

Katika nchi iliyo mashariki ya Mlima Kenya, swali la kwamba mtu ni Mkristo wa kanisa gani lilijibiwa, kwa muda wa zaidi ya nusu karne, si na kinywa cha mwenye kuulizwa, wala na katekisimu aliyofunzwa, bali na mto ambao mamaye aliteka maji. Aliyezaliwa upande wa Embu wa mto Thuci akawa Mwanglikana, kwa kuwa wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana, waliweka makao yao Kigari mwaka 1910. Aliyezaliwa ng'ambo ya pili, Chuka, Muthambi au Mwimbi, akawa Mpresbiteri, maana huko ndiko Waskoti walikojenga Chogoria, na daktari Archibald Irvine akahamia huko 1922. Na aliyezaliwa mbele zaidi, Imenti, akawa Mmethodisti wa Kaaga, misheni iliyofunguliwa 1912 na watu ambao walikuwa wamekwisha kukaa nusu karne pwani, Ribe na Jomvu, kabla ya kupanda mlimani. Wakatoliki peke yao hawakuingia katika mapatano ya misheni ya kugawana nchi namna hiyo. Mapadre wa Consolata, walioingia Meru 1911, walijenga popote walipopata kibali, na kwa sababu hiyo Ukatoliki wa huko haukujua mto.

Ramani hiyo leo imechanika. Barabara ya lami itokayo Embu, ikapita Runyenjes na Chuka hata Nkubu na mji wa Meru, imewachanganya watu kwa ndoa, kwa biashara, kwa ualimu na kwa mashamba ya kununua. Kanisa Anglikana, lenye dayosisi ya Embu tangu 1990, lilipata na dayosisi ya Meru 1997. Wapresbiteri na Wamethodisti nao wana ibada zao katika mji wa Embu. Na makanisa ya Kipentekoste yamestawi sokoni pande zote mbili. Basi hutokea bibi aliyebatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akaimba katika kwaya mpaka siku ya kuolewa, na huko kwa mumewe akaambiwa, pengine kwa upole na pengine bila upole, kwamba aanze darasa upya, au kwamba maji yale ya utotoni hayakuwa ubatizo. Swali lake si dogo wala si la ujinga: kama ndivyo, mimi nilikuwa nani kabla ya kuvuka mto? Hoja yangu ni kwamba kanisa ambalo mipaka yake ilichorwa na mto halina haki ya kumjibu bibi huyu kwa kumrudisha majini. Na kwamba wale wanaodai haki hiyo kwa sababu nyingine, ambazo nitazieleza kwa insafu, wanastahili jibu la elimu, si la dharau.

Mapatano ya kugawana nchi hayakuwa hila. Wamisionari walikuwa wachache, fedha haba, na waliona haya kwamba Injili moja ihubiriwe na wapinzani wawili juu ya kilima kimoja. Mwezi wa Juni 1913 walikutana katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, katika nchi ya Wagikuyu, chini ya uenyekiti wa Askofu Willis wa Uganda, wakatunga rasimu ya shirikisho ambalo msingi wake ulikuwa Maandiko Matakatifu pamoja na Imani ya Mitume na ile ya Nikea, ambalo kila misheni ndani yake ingeheshimu eneo la mwenziwe, na ambalo mshirika ahamaye kutoka eneo moja kwenda jingine angepokewa kama mshirika. Siku ya kuagana, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa kitabu cha sala cha Waanglikana, ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wasio Waanglikana wakapokea. Na atazame msomaji: bibi yetu alikuwa amekwisha kujibiwa katika rasimu ile kabla mamaye hajazaliwa.

Aliyepinga alikuwa Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka Willis na Peel wajibu mashtaka ya uzushi na mfarakano. Shauri likapelekwa mbele ya maaskofu washauri, na jawabu lao, lililotangazwa 1915 huku Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha kulifunika, likasema kwamba Wakristo wa madhehebu mengine waweza kukaribishwa mezani kwa dharura, bali Waanglikana wasipokee mikononi mwa wachungaji wasiowekewa mikono na askofu, na ibada ya namna ile isifanywe tena. Ni rahisi kumdhania Weston mtu wa kiburi aliyependa kanuni kuliko watu. Sivyo alivyokuwa. Huyu ndiye aliyepaza sauti mwaka 1920, kwa kijitabu kikali, kupinga Waafrika wa Kenya kushurutishwa kuwafanyia walowezi kazi, wakati ambapo wengi waliojiita wapole walinyamaza. Na swali alilouliza juu ya Thogoto lilikuwa swali la haki: kanisa ni nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kubariki mkate? Shirikisho ambalo halijibu swali hilo, alisema kwa maana, ni shirikisho la mipaka tu. Alirudi mwenyewe katika mkutano wa 1918 akiwa na mpango wake wa umoja wenye maaskofu. Wajumbe hawakuukubali, wakaunda ushirikiano wa misheni ulioacha swali la mikono palepale lilipokuwa.

Kwa hiyo Kaaga, Chogoria na Kigari zilirithi urithi wa ajabu: kutambuana kwa vitendo bila kuafikiana kwa itikadi. Maadam kila mtu alikaa upande wake wa mto, deni hilo halikudaiwa. Lilikuja kudaiwa na wajukuu, wakati wa harusi.

Walakini lipo jambo moja katika ugomvi ule ambalo husahauliwa, nalo ndilo mhimili wa hoja hii. Mgogoro wa Weston ulikuwa juu ya mikono iliyobariki mkate, haukuwa juu ya maji. Hata yeye, mkali kuliko wote, hakudai kwamba Wamethodisti wa Ribe au Wapresbiteri wa Thogoto wabatizwe upya. Hakuweza kudai, kwa sababu suala hilo Kanisa lilikuwa limekwisha kulihukumu zamani, na kulihukumu juu ya Waafrika. Cyprian, askofu wa Carthage aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, alishika kwamba ubatizo uliotolewa na waliojitenga si ubatizo, na wenziwe wengi wa Afrika ya Kaskazini wakamfuata; Stephen, askofu wa Roma, akakataa. Katika mtaguso wa Arles mwaka 314 ikaamriwa, kwa kuwataja Waafrika waziwazi, kwamba atokaye kwa waliojitenga aulizwe imani yake, na ikithibitika kwamba amebatizwa katika jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono tu. Augustino wa Hippo aliitetea hukumu hiyo dhidi ya Wadonati, Waafrika waliojitenga na Kanisa, akieleza kwamba ubatizo ni mali ya Kristo, na ubaya wa mtoaji hauwezi kuuharibu. Cyprian alikuwa mtakatifu, tena shahidi. Katika jambo hili alikosa. Nalisema kwa sababu wapo kati yetu wanaodhani kwamba kubatiza upya ni bidii mpya ya siku hizi, ilhali ni kosa la zamani sana la bara hili, lililokwisha kupimwa na watu waliolipa imani yao kwa damu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Wakristo wa Meru na Embu walikuwa madhehebu kwa ajali ya mto tu, na kwamba ndani yao hamkuwa na dhamiri. Mwaka 1929 ulithibitisha kinyume. Waskoti waliwataka washirika wao waapie, kwa alama ya kidole iliyoitwa kirore, kwamba wameacha tohara ya wasichana; wimbo wa Muthirigu ukasikika nchi nzima ya Wagikuyu ukiwadhihaki walioapa; na Chogoria, iliyokuwa changa, ikaona washirika wake wakitoka kwa wingi hata pakabaki wachache. Embu nako kanisa la Waanglikana lilitikiswa. Wamisionari wa Consolata hawakuweka sharti la namna ile, na wengi waliotoka kwingine walipata mlango wazi. Hapo, kwa mara ya kwanza, mtu wa mashariki ya mlima alichagua kanisa au kuliacha kwa sababu aliyoijua mwenyewe, na gharama yake akaibeba nyumbani kwake, mbele ya wazazi na marika. Sitaki kuficha hukumu yangu: wasichana walistahili kulindwa, na waliokataa kisu walikuwa katika haki. Lakini amri iliyoshushwa kutoka juu kabla ya kuwashauri mama zao iliwafanya wengi wakitetee kisu kwa kudhani wanatetea nchi. Na jambo hilohilo lilirudi 1956, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, lilipopiga marufuku tohara hiyo katika Meru, nao wasichana wakajitahiri wenyewe kwa siri, wakaitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri. Historia ya utambulisho wa kanisa katika nchi hii imeandikwa zaidi katika mambo kama hayo kuliko katika tofauti za Wesley na Calvin, ambao wengi wa waliobatizwa kwa majina ya madhehebu yao hawakupata kuwasikia.

Yapo pia majibu ambayo Wakristo wa huko waliyatafuta bila kuongozwa. Filipu M'Inoti, mchungaji wa Kimethodisti, ambaye aliandika kwa Kiswahili habari za asili ya Wameru na tabia zao, alikuwa pia mtu wa Njuri Ncheke, na kwa maisha yake aliwaonyesha wenziwe kwamba kiti cha mzee na mimbari ya mchungaji vyaweza kukaliwa na mtu mmoja pasipo dhamiri kupasuka. Nao waliotoka katika misheni na kujenga shule za kujitegemea, ambazo zilienea hata Embu, hawakuridhika na uhuru mtupu. Vyama vyao vilimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akakaa Kenya kati ya 1935 na 1937, akafundisha na kuweka wakfu makasisi. Jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka. Watu waliodhaniwa kuasi kwa ajili ya mila walikuwa wakiuliza swali lilelile la Weston, mikono imetoka wapi, nao wakagharimia safari ya askofu ili walipate jibu.

Sasa niwajie wale wanaobatiza upya kwa hoja. Wasemao katika makanisa ya Kipentekoste kwamba mtoto mchanga hakuamini, na kwa hiyo hakubatizwa, hawalindi mpaka wa mto. Wana fundisho, na fundisho lao lina mizizi katika Maandiko kuhusu toba. Tena wana haki ya kutuonyesha kanisa letu lilivyowabatiza watoto kwa maelfu na kuwasahau hata siku ya maziko. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Kenya 1937, ulitoa shutuma hiyohiyo, nao wafuasi wake, walioitwa walokole, wakakaa ndani ya makanisa yao, Waanglikana kwa Wapresbiteri kwa Wamethodisti, wakiungama dhambi na kuitana ndugu, wala hawakudai maji mapya. Hapo ndipo ninapoona jibu. Toba ya mtu mzima ni lazima, na kukiri imani mbele ya jamaa ya waumini ni lazima; lakini kukiri ni kukiri ahadi iliyokwisha kutolewa. Baba wa huku aliyemtolea mwanawe sadaka kabla hajajua kusema hakudhani kwamba siku mtoto atakapokuwa na akili sadaka ile itakuwa batili. Tamko la Lima la 1982, ambalo wanateolojia wa madhehebu mengi, Wakatoliki miongoni mwao, walishiriki kulitunga, limesema ubatizo haurudiwi. Na makanisa yetu matatu ya mapatano ya zamani hayana udhuru wa kutenda chini ya hapo. Mshirika ahamaye na aje na barua yake, isomwe mbele ya ibada, apewe mkono na wazee, akae mahali pake.

Linabaki la mezani, na hili nakiri ni gumu zaidi. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa bibi yetu, bali halimpi mkate, na sababu yake ni ile ya Weston iliyokwenda mbali kuliko Weston. Hakuna mchungaji wa Nkubu au Runyenjes awezaye kuifuta kwa ukarimu tu. Lakini Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri hawamo katika hali hiyo. Wachungaji wao wamesoma pamoja Limuru, katika chuo cha Mtakatifu Paulo, tangu 1955. Wamethodisti wa Kenya leo wana maaskofu, jambo ambalo lingemstaajabisha Weston. Na katika miaka ya 1960, makanisa hayo, pamoja na Walutheri na Wamoravian, yalizungumza muungano kwa bidii hata ikachapishwa, mwaka 1966, liturujia ya pamoja ya Ushirika Mtakatifu kwa Afrika Mashariki. Muungano haukufika. Liturujia ipo, na sijui sheria ya kanisa lolote kati ya hayo matatu inayokataza isomwe Jumapili moja huko Chuka, karibu na mto, mbele ya wake waliovuka kutoka pande zote mbili.