Keki ya Mwaka wa Shida

Siku hizi hapa Kharumwa mtu akitaka keki ya harusi haendi mbali. Wapo akina mama na mabinti wanaozioka majumbani mwao na kuzipamba kwa maua ya aisingi yaliyokamuliwa kwa nozo za bati. Wengine hufinyanga kwa donge la sukari viatu vya mtoto, kitabu, hata karai na sururu kwa mteja anayetoka machimboni. Mjukuu wangu ni mmoja wao. Majuzi mzee mwenzangu alimtazama akikamua waridi baada ya waridi, akatikisa kichwa na kusema, "Huu ni upotevu wa sukari." Sikumjibu. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa ukali zaidi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Kwanza tujiulize, ua la sukari lilitufikiaje? Kwa wazee wetu Wasukuma sherehe ilikuwa nyama, ugali na pombe, na pambo lilikaa kwenye shanga, vibuyu na vikapu. Chakula kilikuwa cha kushibisha wageni, si cha kutazamwa. Keki ililetwa na wamisionari na shule za wakoloni, ambako wasichana walifundishwa kuoka na kushona. Baada ya uhuru mafunzo hayo yaliendelea shuleni kwa jina la sayansi kimu. Mke wangu aliyapata huko, na alipoolewa alikuja na daftari lake la mapishi.

Waingereza nao walikuwa na sababu yao ya kupenda aisingi nyeupe. Zamani sukari iliyosafishwa kwao ilikuwa ghali, kwa hiyo weupe wa keki ulitangaza uwezo wa mwenye karamu. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 136, na ile aisingi ngumu ya sukari na ute wa yai inaitwa hadi leo aisingi ya kifalme. Basi kitu cha kifalme kikaingia katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi, kijijini, katika Wilaya ya Geita ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Mwanza.

Nasema habari za mwaka 1983. Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Vita vilivyoanza mwaka 1978 vilikuwa vimekula fedha za nchi, na majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera yaliharibu hata kiwanda cha sukari cha huko. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Sabuni, khanga, unga wa ngano na sukari vilipatikana kwa mgawo. Katika duka la kijiji tulipanga foleni kwa orodha ya mjumbe wa nyumba kumi, na mara nyingi sukari iliisha kabla ya orodha kufika katikati.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa mwaka huo. Mke wangu aliamua kwamba lazima ataolewa kwa keki iliyopambwa. Kwa muda wa miezi kadhaa tulikunywa chai isiyo na sukari, naye kila tulipopata mgawo aliumimina katika kopo la maziwa ya unga na kulificha uvunguni. Haba na haba hujaza kibaba, na kopo likajaa.

Ikafika Machi 1983, ikaanza operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Wengi tuliiunga mkono, kwani walanguzi walitutesa. Lakini hofu haikuchagua. Tulisikia habari za watu waliotupa bidhaa zao usiku mitoni na vichakani kabla ya kupekuliwa. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, na nilikuwa nimesimama mbele ya wanakijiji kulaani waficha bidhaa. Nyumbani kwangu, uvunguni, palikuwa na sukari.

Usiku mmoja nilimwamuru mke wangu aitupe chooni. Nilimwambia kwamba maua ya sukari ni upotevu na ni mambo ya kikabaila. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema, "Mwalimu, hii ni sukari ya mgawo wetu. Hatukuilangua. Tumeinyima midomo yetu wenyewe. Nani atatushitaki kwa kutokunywa chai?" Kopo halikutupwa. Mimi sikulala.

Wiki ya harusi ilipofika alianza kazi. Sukari ya aisingi haikuwepo, kwa hiyo aliitwanga ile ya kawaida katika kinu, akaichekecha kwa kitambaa chepesi, akaitwanga tena. Keki ilikuwa imeokwa ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Alitenga ute wa mayai kwa uangalifu mkubwa, maana tone la kiini au mafuta huuzuia ute usiumuke. Aliupiga kwa uma mpaka mkono ukafa ganzi, akiongeza sukari kidogo kidogo na matone ya ndimu. Karatasi ngumu aliikunja ikawa kama pia, akaikata ncha, na hiyo ndiyo iliyokuwa nozo yake. Kwa kuwa sukari yetu ilikuwa ya kahawia, aisingi haikutoka nyeupe. Ilikuwa na rangi ya mchanga wa mtoni. Manjano ya bizari yakampa rangi ya kitovu cha ua.

Alikuwa amepamba pande tatu jirani yetu alipokuja mbio. Mwanawe mdogo alikuwa anaharisha tangu usiku, na zahanati haikuwa na pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini. Tulikuwa tumefundishwa namna ya kuitengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi. Maji na chumvi jirani alikuwa navyo. Mke wangu hakuniuliza. Alichukua sukari yote iliyosalia, akampa, kisha wakaenda pamoja. Mtoto alinyweshwa kwa kijiko siku mbili, akapona.

Keki ikaenda harusini ikiwa na upande mmoja mtupu, nao ukaelekezwa ukutani. Wakati wa kukata, bibi harusi aliona uchungu kuharibu maua, akaigeuza na kuanzia upande ule usio na kitu. Maua yalibaki mazima hadi mwisho, wakagawiwa watoto. Nami nilisimama pale nikiona aibu ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa mke wangu.

Miaka mingi baadaye, katika kusoma kwangu, nilikuta jambo lililonishangaza. Hao hao Waingereza waliotuletea aisingi waliwahi kuipiga marufuku kwao. Sukari iliwekwa katika mgawo Januari 1940 kwa sababu ya vita, na Agosti mwaka huo huo serikali ikakataza kupaka sukari juu ya keki. Maharusi wakatumia makasha ya karatasi ngumu yaliyopambwa yafanane na keki ya ghorofa, na ndani yake wakaficha keki ndogo isiyo na pambo. Mgawo wa sukari haukuisha kwao hadi mwaka 1953. Kumbe mke wangu alikuwa na wenzake wengi asiowajua, waliokataa shida iwanyang'anye hata sura ya furaha.

Kwetu, kamba ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya Rais Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985 maduka yalijaa tena. Mwaka 2012 Nyang'hwale ikawa wilaya katika Mkoa mpya wa Geita, na Kharumwa ikawa makao yake makuu. Leo sukari ya aisingi inauzwa dukani katika pakiti, na mjukuu wangu hajui kutwanga.

Simlaumu yule mzee mwenzangu. Yeye alikuwa kwenye foleni ile ile. Lakini nimejifunza kwamba swali la sukari si kama imewekwa kwenye ua au kwenye chai. Swali ni kama aliyeiweka kwenye ua yuko tayari kuiacha kazi yake katikati, jirani anapobisha hodi.