Urithi wa Sauti: Kundi la Architects la Brighton, 2004–2025

Brighton ni mji wa pwani, kusini ya Uingereza, na katika mji huo mwaka wa 2004 ndugu wawili pacha, Tom na Dan Searle, pamoja na wenzao, walianzisha kundi la muziki ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Architects. Tom alipiga gitaa, Dan alipiga ngoma. Muziki walioushika ni ule uitwao metalikoa, uliozaliwa Marekani kutokana na ndoa ya fani mbili: metali, yenye magitaa mazito na ufundi mwingi wa vidole, na hadikoa, tawi kali la panki, lenye nyimbo fupi, mwendo wa kasi na maneno ya kupinga. Alama yake kubwa ni pale mwendo wa wimbo unapokatwa ghafula, magitaa na ngoma vikapiga pamoja mapigo mazito ya polepole. Mwimbaji aghalabu haimbi, bali hupiga ukelele utokao kooni. Asiyeuzoea muziki huu huona nyimbo zake zote ni moja, kama vile asiyejua mizani aonavyo mashairi yote ni mamoja. Lakini mwenye kuzisikiliza santuri za Architects kwa mfuatano wa miaka hukuta ndani yake swali lisilo jepesi: sauti ya kundi ni mali ya nani, na huwaje mwenye kuitunga akifa?

Santuri ya kwanza, Nightmares, ilitoka mwaka wa 2006. Kabla ya ile ya pili mwimbaji wa kwanza aliondoka, na nafasi yake ikashikwa na Bw. Sam Carter, ambaye alisikika kwanza katika Ruin ya mwaka wa 2007. Hizi ni kazi za vijana waliotaka kuonyesha ufundi. Hesabu ya gitaa haikubaliani na ile ya ngoma mpaka zikutane mbele, na wimbo mmoja hubeba vipande ambavyo vingezitosheleza nyimbo tatu. Katika Hollow Crown ya mwaka wa 2009 ufundi ule ule ulitiwa nidhamu, na wako wapenzi wa kundi hili ambao hata leo hawakubali kwamba liliwahi kupanda juu zaidi ya hapo.

Kisha likaja geuko la mwaka wa 2011. Santuri ya The Here and Now ilipunguza ukelele, ikaongeza uimbaji wa kawaida na viitikio virahisi kushikika. Wasikilizaji wengi wa zamani waliikataa, na wanamuziki wenyewe baadaye walikiri kwamba hawakuridhika nayo. Ilisemwa kwamba kundi limefuata soko. Lakini hukumu hiyo haielezi kitu, maana wako wengi wanaofuata soko na kazi zao zikawa nzuri. Udhaifu wa santuri hii ni kwamba ulaini na ukali umewekwa ubavu kwa ubavu kama wageni wawili ambao hawajajuana. Mwaka uliofuata, katika Daybreaker, ukali ulirudi.

Mwaka wa 2014 ulitoka Lost Forever // Lost Together, na hapa yafaa kukaa kidogo. Kundi lilikwenda Gothenburg, Sweden, kwa fundi Fredrik Nordström na mwenzake Henrik Udd, katika studio ya Fredman, iliyokwisha kupata sifa kwa kurekodi makundi ya metali ya mji ule. Tom alizilegeza nyuzi za gitaa hata zikatoa sauti ya chini kabisa. Uzi hupigwa kwa muda mfupi mno, kisha huzimwa kwa kiganja, na kimya kifuatacho huhesabiwa sawasawa na pigo lenyewe. Juu ya msingi huo mkavu huelea sauti za vinanda vya umeme na gitaa moja la mbali, jembamba, lenye huzuni. Kile kilichoshindikana mwaka wa 2011 kiliwezekana sasa, kwa sababu ulaini haukuwekwa tena kando ya ukali bali juu yake, na vyote viwili vikaenda kwa hesabu moja. Tom ndiye aliyekuwa mtungaji mkuu wa muziki, na wa maneno pia.

Wakati huo alikuwa akiishi na saratani ya ngozi. All Our Gods Have Abandoned Us ilitoka tarehe 27 Mei 2016, na maneno yake, yanayotaja siasa, uharibifu wa dunia na mauti, yalitungwa na mtu aliyekwisha kuyatazama mauti kwa karibu. Tom Searle alifariki tarehe 20 Agosti mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 28.

Kundi lingaliweza kuvunjika wakati huo, wala hapana ambaye angelilaumu. Badala yake ndugu yake alichukua kalamu. Dan, pamoja na mpiga gitaa Josh Middleton wa kundi la Sylosis, aliukamilisha wimbo ambao Tom alikuwa ameuanza, na mwezi wa Septemba 2017 ukatolewa kwa jina la Doomsday. Holy Hell ikafuata mwaka wa 2018. Santuri hii ni kilio cha pacha kwa pacha mwenziwe. Tena imejengwa kwa sehemu kwa vipande alivyoviacha marehemu, hata ni vigumu kwa msikilizaji kukata neno ni wapi mkono mmoja unaishia na mwingine unaanza. Jipya lake kubwa ni fidla, ambazo hapo kwanza zilikuwa pambo, na sasa zikawa nguzo.

Kutoka hapo njia ilipanuka. For Those That Wish to Exist, ya mwezi wa Februari 2021, ina nyimbo 15, okestra, tarumbeta, na uimbaji wa wazi kwa wingi kuliko hata ule uliokataliwa miaka kumi nyuma. Nayo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya santuri za Uingereza. Mwaka huo huo kundi liliipiga nzima katika studio za Abbey Road, London, pamoja na okestra ya Parallax. Manung'uniko ya zamani yalisikika tena, lakini safari hii kundi halikurudi nyuma: The Classic Symptoms of a Broken Spirit ya mwaka wa 2022 ilizidisha vinanda vya umeme.

Middleton aliondoka mwaka wa 2023. Santuri ya The Sky, the Earth & All Between, iliyotoka mwezi wa Februari 2025, ilitayarishwa na Bw. Jordan Fish, aliyekuwa wa kundi la Bring Me the Horizon, nayo inaurudisha ukelele wa Carter mbele kabisa. Yale magitaa yanayopiga na kunyamaza kwa hesabu yamo humo pia, yakipigwa na mikono mingine. Katika wale walioanza mwaka wa 2004, aliyebaki ni Dan peke yake, nyuma ya ngoma zake.