Nani alifungua mabwawa mwaka wa 1961?

Kila mto Tana ukivunja kingo, mjadala huwa ni ule ule. Mgombea mmoja anasema watu wa mabwawa wamewafungulia wananchi maji. Mwingine anajibu ni El Niño, tumwachie Mungu. Halafu nyinyi mnashikana mashati humu hadi usiku wa manane. Uzi huu ni wa pande zote mbili, maana historia haimpendelei yeyote kati yenu.

Twende 1961. Mvua za vuli mwaka huo zilipiga karibu Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Tana ukafurika, na Juba kule Somalia pia. Vijiji vilivyozingirwa na maji vilipelekewa chakula kwa ndege.

Sasa hesabu mabwawa tunayogombania. Kindaruma 1968. Kamburu 1974. Gitaru 1978. Masinga 1981. Kiambere 1988. Mwaka wa 1961 hakukuwa na hata moja kati ya haya matano, kwa hivyo hakuna aliyefungua chochote.

Na wale wa El Niño msicheke bado. 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Ni Bahari ya Hindi upande wetu iliyopata joto kuliko upande wa Indonesia, unyevu ukasukumwa huku. Mwaka wa 1997 na 2023 mambo hayo mawili yalikutana. 2019 ilikuwa zaidi bahari yetu wenyewe. Ukingoja tangazo la El Niño ndipo ujiandae, kuna miaka utapatikana umelala.

Je, mabwawa hayana lawama? Hapana, ngoja kwanza.

Kabla ya mabwawa mto ulikuwa unapanda mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na Novemba. Wapokomo walilima kwa kuufuata: maji yakishuka, mpunga, mahindi na migomba inaingia kwenye tope lenye rutuba. Waorma walishusha ng'ombe deltani wakati wa kiangazi. Mafuriko yalikuwa kalenda yao. Masinga ikajengwa ili ishike maji ya mvua na mitambo ya umeme isikose kazi kiangazini. Yale mafuriko madogo yaliyolisha mashamba yakapungua. Makubwa hayakwenda popote, kwa sababu bwawa lililojaa halina pa kuweka maji mengine. Mtu akikaa miaka maji hayajamfikia, si atajenga karibu na mto? Wewe ungefanya nini?

Siasa yenyewe iko hapo. Mwenye mitambo anataka bwawa lijae kabla ya kiangazi. Aliye Garsen au Hola anataka libaki na nafasi kabla ya mvua. Huwezi kuwapa wote kila kitu, kwa hivyo lazima mtu aamue kiwango, na anayepata hasara alipwe. Kwenye kampeni sijasikia swali hilo. Ninachosikia ni ahadi ya bwawa kubwa zaidi, High Grand Falls, kila msimu.

Na hasara haibaki ukingoni mwa mto. Mvua za 1997 na 1998 zilileta mbu, mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa. Ililipuka upande wa Garissa na kusini mwa Somalia, ikaua watu na mifugo. Saudi Arabia ikafunga soko lake kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Mfugaji ambaye boma lake halikuguswa na maji naye akakosa mnunuzi.

Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yalikata barabara ya Nairobi kwenda Garissa pale Madogo. Hiyo ndiyo njia ya bidhaa za Garissa, Wajir na kambi za Dadaab. Watu wakaanza kuvuka kwa mashua, na mwisho wa Aprili mashua moja ikazama na abiria.

Mkiuliza ni kazi ya nani, fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kukabiliana na majanga kumeandikwa kwa serikali kuu, kukaandikwa tena kwa kaunti. Ndiyo maana kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole, na wote wawili wana ukurasa wa kuonyesha.