Jan Zumbach: Rubani wa Poland katika Anga ya Kolwezi

Sisi wa Kasulo husimuliwa habari za Katanga iliyojitenga kana kwamba ilikuwa vita ya Wakatanga na Leopoldville peke yao. Lakini mwaka 1962 ndege za kivita za Katanga ziliongozwa na Mpoland, na kambi yao ilikuwa Kengere, hapa hapa Kolwezi. Maisha yake yanastahili tafakari yetu.

Jan Zumbach alizaliwa mwaka 1915 karibu na Warszawa. Kwa ukoo wa baba alikuwa raia wa Uswisi, naye aliuficha uraia huo ili apokewe katika jeshi la Poland. Wajerumani walipoivamia nchi yake mwaka 1939, alikimbilia Ufaransa, kisha Uingereza, akajiunga na kikosi cha 303 cha marubani wa Poland. Mwezi Septemba 1940 pekee alihesabiwa kuwa ameangusha ndege nane za adui. Mwaka 1942 alikabidhiwa uongozi wa kikosi hicho.

Vita ilikwisha, lakini Poland ikaangukia chini ya mamlaka ya Stalin. Zumbach hakurudi. Uraia ule aliokuwa ameuficha ili aitumikie Poland ndio uliompa pasi ya kuanza maisha mengine: akarusha ndege za magendo, akafungua klabu ya usiku Paris.

Huko ndiko Katanga ilikompata. Tshombe alikuwa ametangaza uhuru wa jimbo tarehe 11 Julai 1960, na kodi ya shaba kutoka Union Minière ndiyo iliyolipa mishahara ya serikali yake, pamoja na ya askari wa kukodiwa. Kaskazini mwa jimbo, Wabaluba wengi walimkataa, na vijiji vyao vikachomwa moto. Zumbach aliingia vita hiyo kwa mkataba, akiongoza ndege ndogo za mafunzo zilizofungwa silaha. Tarehe 29 Desemba 1962 ndege za Uswidi, zilizotumwa na Umoja wa Mataifa, ziliiteketeza Kengere. Mwezi uliofuata Tshombe alikubali kushindwa.

Mwaka 1967 Zumbach alikuwa tena vitani, huko Biafra. Alifariki Ufaransa mwaka 1986, akazikwa Warszawa.

Tusimhukumu upesi. Aliyenyang'anywa nchi huenda asijue tena amtumikie nani. Hata hivyo, tupime jambo moja: ushujaa wake haukubadilika, kilichobadilika ni aliyenufaika nao. Mwaka 1940 aliwalinda watu waliokuwa wakipigwa mabomu majumbani mwao. Mwaka 1962 aliilinda serikali iliyowapiga raia wake, na aliyelipa gharama alikuwa mwenye machimbo.

Nasi tunaishi juu ya utajiri huo huo. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, vijana wetu hushuka mashimoni kwa ujasiri usiopungua ule wa rubani. Kesho huenda akaja mtu mwenye fedha, akihitaji mikono yenye nguvu kwa ajili ya shimo, kwa ajili ya siasa, au kwa ajili ya bunduki. Kabla ya kuuliza atalipa kiasi gani, tumwulize: kazi hii itamwangukia nani?